Plasta ya Kumpokea Mgeni

Tarehe kumi na mbili Mei. Mvua imenyesha usiku kucha, ikakoma alfajiri, na jua likatoka mara moja kama mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni. Barabara imekuwa uji mwekundu.

Ndivyo nilivyoandika asubuhi ile kabla sijafungua mlango. Nikiyasoma sasa naona niliacha jambo kubwa kuliko mvua. Nilikuwa nasikia kitu kikianguka nje, si kwa kishindo, bali kama mtu anayetua gunia la mtama kwa uangalifu. Halafu kingine. Nilipofungua nikakuta ukuta wa mbele umeanza kuvua nguo. Plasta mpya, ambayo hata wiki mbili haijamaliza, ilikuwa imelala verandani vipande vipande, kama chapati zilizovunjika wakati wa kugeuzwa.

Na siku hiyo ndiyo mtaalamu alikuwa anakuja.

Nyumba yetu iko Hai Jalaba, mtaa mmoja wa Juba. Nasema yetu, lakini ni ya mama mkwe wangu. Mimi nimeolewa humo tu. Ni ya matofali ya kuchoma, kuta zake nene kiasi kwamba watoto hukaa dirishani kama kwenye benchi, na ina veranda ndefu ya nguzo inayotazama barabara. Zamani lilikuwa duka. Wengine husema lilijengwa na Mgiriki, wengine na mfanyabiashara wa Kaskazini. Mimi sikuwepo, na waliokuwepo hawakubaliani. Juu ya mlango kulikuwa na maandishi ya Kiarabu ya rangi ya buluu, yaliyofifia mpaka hakuna aliyejua tena ni nini kilichokuwa kikiuzwa. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa mizani katika duka hilo, na mwenye duka alipohama alimwachia yeye.

Vita vilipokuja wengi wetu tulikimbia. Mimi nilikulia Kitale, nikasoma mpaka darasa la saba, ndiyo maana naandika Kiswahili na ndiyo maana siandiki vizuri. Mume wangu na kaka yake walikulia Uganda. Mama mkwe alibaki ndani ya nyumba hiyo miaka yote. Ukimwuliza kwa nini hakukimbia, anajibu kwamba lazima abaki mtu wa kuwafungulia wengine mlango wakirudi.

Sasa tulikuwa tumerudi, na shemeji yangu, huyo kaka mkubwa wa mume wangu, alitaka kuibomoa.

Niseme haki yake. Shemeji si mtu mbaya. Anauza vipuri vya malori, amejenga kwake Gudele, pembeni mwa mji, na huko ametenga chumba cha mama yake chenye feni na choo cha ndani. Aliogopa kweli kwamba ukuta utamwangukia mama akiwa amelala. Lakini alikuwa pia na picha. Picha hiyo alichorewa na kijana mmoja mbunifu wa Kampala: jengo la ghorofa nne mahali pa nyumba yetu, vioo kutoka chini mpaka juu, na mbele yake wanawake wa kizungu wenye mikoba wakitembea kando ya maji yanayorushwa hewani. Mama mkwe aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akauliza wale wanawake wanamtafuta nani.

Yule mbunifu, ambaye nadhani ni mwaminifu kuliko picha yake, alimwambia shemeji kwamba nyumba ya umri ule haibomolewi kabla hajaitwa mshauri wa majengo ya kale. Ilinibidi niulize hiyo ni kazi gani. Nikaelezwa kwamba kuna watu wanaowashauri wenye nyumba kuukuu, pamoja na hao wanaochora mpya: hapa rekebisheni, hapa acheni, hapa msiguse kabisa. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kulipwa kwa kusema msiguse. Mama mkwe amewaambia wajukuu zake hivyo tangu wajifunze kutambaa, bila malipo.

Jumapili moja baada ya kanisa shemeji alisimama verandani mbele ya jamaa akatamka. Mtaalamu akisema kuta zinaweza kusimama, yeye hataigusa nyumba maadamu mama yuko hai. Akisema haziwezi, mama atahamia Gudele kabla ya Krismasi. Tukaitikia sote. Mama mkwe naye akaitikia, tena kwa sauti, kwa sababu amewahi kuziona kuta hizo zikikataa vitu vikali kuliko mvua. Lakini kuanzia siku hiyo niliona kwamba kila akipita kwenye ukuta anaugusa kidogo, kama unavyogusa paji la uso la mtoto unayemshuku kuwa na homa.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Nairobi, wa mtaalamu mwenyewe, kupitia kwa shemeji, kupitia kwangu. Alisema: tafadhali msiguse chochote, msisafishe, msipake rangi, nikute nyumba jinsi ilivyo.

Niliutia katika Kiarabu cha Juba neno kwa neno. Mama mkwe akafurahi.

"Ana adabu," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sidhani kama yangeharibika namna hiyo kwa watu wengine. Kwetu mgeni hasemi nichinjieni kuku. Husema nimeshiba, msijisumbue, maji tu yananitosha. Na mwenyeji akimpa maji tu, habari zake hufika sokoni Konyo Konyo kabla mgeni hajafika kwake. Kwa hiyo mgeni anavyozidi kukataza ndivyo mwenyeji anavyojua ukubwa wa maandalizi. Huyu alikuwa amekataza kugusa, kusafisha na kupaka. Mama mkwe aliona ametajiwa kazi zote kwa mpangilio.

Nilimwambia nadhani huyu anamaanisha anachosema. Aliniuliza, bila hasira, kama mimi ningempokea mtu kutoka nchi nyingine katika nyumba inayochubuka ngozi kama mjusi. Wanawake wa kwao hukandika ukuta upya kabla ya harusi, kabla ya Krismasi na kabla ya kumaliza matanga, na huyu anayekuja kuamua mahali yeye mwenye nyumba atakapofia, je, akute ukuta mchafu? Kusema kweli nami nisingempokea hivyo.

Mume wangu ni dereva wa lori la Nimule, mpakani mwa Uganda, na alikuwa ameleta simiti ya sakafu ya choo. Mama mkwe akaihamishia ukutani, akamwita fundi kutoka Hai Mauna. Fundi huyu alikaa Kampala miaka mingi na alirudi na ngazi, pimamaji na sifa nyingi.

"Haboba, wewe usijali," alimwambia, maana hapa kila mtu humwita mama mkwe Haboba, yaani bibi. "Hii ukuta mimi nafanya kama ya benki."

Alifanya kazi kwa haraka iliyopendeza. Mchana mmoja nilimwona akitoka na toroli lililofunikwa turubai, limemlemea, akasema anapeleka taka. Siwezi kuapa ni nini kilichokuwa chini ya turubai, maana sikuliinua. Naandika tu kwamba rundo la simiti lilipungua kwa kasi kuliko plasta ilivyoenea ukutani, na kwamba kilichoisha mapema, mpaka akaagiza kingine, kilikuwa mchanga. Mwisho akapaka juu yake rangi ya maziwa iliyobaki kanisani. Maandishi ya buluu yakazama. Mama mkwe akavuka barabara, akaigeukia nyumba yake, akasema haya, mgeni aje.

Mvua ikaja kwanza.

Sasa turudi asubuhi ile. Mama mkwe alitoka nje amejifunga kitenge, akaviona vile vipande chini, akauambia ukuta "malesh", pole, kama anavyomwambia mtu aliyejikwaa. Kisha akanituma nimpigie fundi simu. Fundi alifika upesi mno, na hilo nalo nililiwazia baadaye. Alivitazama vipande, akaitazama mbingu, akasema mvua ya mwaka huu ina tabia mbaya. Alikuwa ndiyo kwanza anakoroga ndoo ya kuziba ziba wakati bodaboda iliposimama mbele yetu.

Tulikuwa tunamtarajia kawaja, mzungu, ndani ya gari jeupe lenye antena ndefu. Aliyeshuka alikuwa mwanamke Mkenya wa makamo, viatu vya michezo, tope mpaka magotini, kofia ya pikipiki yake mwenyewe mkononi. Mama mkwe alimsalimu vizuri, kisha akaniuliza pembeni bosi wake atafika saa ngapi. Lile sikulitafsiri. Nilileta kiti.

Mgeni hakukaa. Alikuwa anautazama ukuta. Sura ile nimewahi kuiona mara moja tu, kwa mwalimu wetu wa darasa la sita, siku aliyotukuta tumepiga pasi ramani ya Afrika ili ikae vizuri.

"Maandishi ya buluu yako wapi?" aliuliza kwa upole. "Ndiyo niliyotumiwa kwenye picha."

Nilimwuliza mama mkwe. Akasema nimwambie tumempangusia.

Nikamwambia hivyo. Mgeni alivua begi mgongoni na kulitua polepole. Nadhani katika kazi yake amejifunza kuhesabu kimoyomoyo.

Wakati huohuo shemeji akafika na gari. Alikuwa na ile picha imekunjwa kwapani. Aliviona vipande vya plasta vimetapakaa verandani, na sikuona furaha usoni mwake, lazima niliandike hilo. Niliona mtu aliyehofia jambo na sasa ameliona. Lakini maneno yaliyomtoka yalikuwa makali.

"Yumma, umeona?" alimwambia mama yake. "Hata plasta inaikimbia hii nyumba."

Mama mkwe alishika nguzo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anaogopa, na aliyemtia hofu alikuwa ukuta wake mwenyewe.

Mtaalamu alitoa nyundo ndogo ya mti akaanza kugonga ukuta na kusikiliza, anasogea, anagonga, anaweka sikio. Alikwenda hivyo mpaka kona. Sisi sote tulimfuata bila kuambiwa. Mama mkwe akaninong'oneza nimwulize kama nyumba ina mimba. Niliuliza, kwa sababu nilikuwa nimeamua kuanzia hapo natafsiri kila kitu, hata kama si cha maana. Mgeni alicheka kidogo, akasema hapana, umri umepita.

Kisha akaomba kifaa cha mti, si cha chuma. Nikamletea mwiko wa asida, ugali wetu. Aliupenyeza chini ya ukingo wa plasta iliyobaki juu ya mlango, akasukuma taratibu, na kipande kizima kikaachia ukuta kama ganda la karanga zilizochemshwa. Kikaanguka. Nyuma yake palikuwa na chokaa ya zamani, na juu ya chokaa yale maandishi. Yalikuwa yamelowa, na kwa sababu yamelowa yalikuwa na buluu ambayo sijawahi kuiona tangu niolewe.

Mgeni aliyatazama. Akaokota kipande cha plasta, akakifikicha kwa vidole, kikawa mchanga mkononi mwake.

"Nani alichanganya hii?" akauliza.

Fundi alikuwa nyuma ya nguzo ya mwisho, anaosha ndoo ambayo ilikuwa safi. Shemeji akamwonyesha kwa kidevu. Nilimwona fundi akipima umbali wa kufika barabarani.

Mtaalamu akamsogelea na kuanza kumweleza, kwa Kiswahili cha taratibu ili sote tunaokijua tufuate. Alisema matofali ya nyumba hii ni laini na yameshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na kuyatoa jua likiwaka. Ukiuvika simiti kali, maji yanakwama ndani na tofali linaoza huku kwa nje panang'aa. Na siku ukitaka kuibandua simiti hiyo, inang'oka pamoja na uso wa tofali. Ameona nyumba nyingi zikiuawa hivyo, tena na watu wanaozipenda.

"Lakini wewe hukufanya hivyo," alimwambia. "Umeweka simiti kidogo sana. Haikushika, haikujeruhi chochote. Hiyo ni busara, fundi. Si wengi wanaoweza kujizuia."

Fundi alinyooka. Alitua ndoo. Sijui kama nimewahi kuona mtu akirefuka namna ile.

"Madam, mimi ukuta ya zamani naijua," alisema. "Hii haitaki simiti mingi. Mimi niliionea huruma."

Shemeji, ambaye amejenga nyumba na anajua mfuko mmoja wa simiti unafunika kiasi gani, alipatwa na kikohozi.

"Anasema nini?" mama mkwe akaniuliza.

Fundi akanitazama kama mbuzi anavyomtazama mtu asubuhi ya Krismasi. Kazi ya ukalimani sikuisomea, ni kazi niliyoangukiwa nayo kwa sababu ya Kitale. Ningeweza kusema: anamsifu fundi. Lingekuwa kweli, na lingeishia hapo. Lakini lingekuwa kweli kama nyumba iliyopakwa rangi ilivyo nyumba mpya. Nikamwambia yote. Kwamba anamsifu fundi kwa sababu katika plasta yake hakuna simiti, au ipo kama chumvi kwenye mchuzi wa mgonjwa.

Mama mkwe si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Alimtazama fundi. Akautazama ukuta. Akatazama upande wa choo, ambacho bado hakina sakafu.

"Simiti yangu iliyobaki iko wapi?" akamwuliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini kabisa.

"Ipo, Haboba," fundi akasema. "Imelala tu."

"Basi iamshe."

Mtaalamu akaniuliza wanazungumza nini. Mama mkwe akawahi kuniambia nimjibu kwamba fundi anashukuriwa. Nikamjibu hivyo. Kulikuwa na ukweli ndani yake, ingawa siwezi kusema ni kiasi gani.

Baada ya hapo mgeni aliingia kazini hasa. Alipanda darini, akalala kifudifudi kutazama msingi, akachungulia kila ufa kwa tochi. Ilikuwa mchana alipotoka, ana utando wa buibui kwenye nywele, akakaa kwenye kile kiti nilichomletea asubuhi. Shemeji alibaki amesimama. Mama mkwe alikaa kwenye kizingiti cha mlango, mgongo wake umeegemea fremu.

Mtaalamu alisema kona moja ya nyuma inazama kwa sababu maji ya bati yanamwagika hapo, uchimbwe mfereji. Mbao za paa upande mmoja zimeliwa na mchwa, zibadilishwe. Lakini kuta zitasimama.

Shemeji hakuridhika na jibu moja, na simlaumu. Aliuliza kwa njia hii, akauliza kwa njia ile. Mwisho akauliza swali ambalo lilikuwa ndilo lake tangu mwanzo.

"Wewe ungemlaza mama yako humu?"

Mtaalamu alifikiri. Ningependa kuandika kwamba alisema ndiyo mara moja, lakini alifikiri.

"Leo, hapana. Pale penye mchwa, hapana," alisema. "Mbao zikibadilishwa na mfereji ukichimbwa, ningemlaza, na mimi mwenyewe ningelala chumba cha pili."

Nilitafsiri. Mama mkwe akafumba macho. Shemeji akaikunja ile picha mara nyingine, wanawake wa kizungu wakapotelea ndani. Alisema alichotamka alikitamka mbele ya watu, na hatakirudisha. Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akauliza kama vioo haviwezi kukaa nyuma, uani. Mtaalamu akasema aje na mbunifu wake wazungumze. Panaweza kujengwa kitu cha chini kuliko paa la zamani, kisichogusana nalo. Ghorofa ngapi? Pengine moja. Shemeji alikuwa na sura ya mtu aliyekwenda mnadani kununua dume la ng'ombe akarudi na kuku. Lakini kuku naye ni mfugo.

Nilidhani mambo yamekwisha, kalas, na tutakunywa chai. Ndipo mtaalamu akaanza kumweleza mama mkwe masharti. Simiti isiguse ukuta tena. Itumike chokaa, ambayo italetwa kutoka Uganda na kulowekwa muda mrefu kabla haijafaa kitu. Rangi ya mafuta, hapana. Misumari ya kutundikia masufuria, hapana. Jiko la mkaa liondoke verandani, moshi wake umeshapaka ukuta rangi yake. Lile bati aliloongeza kando ili kuku wasinyeshewe litolewe, halikuwepo zamani. Kila sharti nililolitafsiri, mama mkwe alilipokea kwa kutikisa kichwa, na kila mtikiso ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia.

Mwisho mgeni akafika kwenye mashimo ya risasi upande wa kaskazini, ambayo fundi alikuwa ameyaziba kwanza kabisa na ambayo mvua ilikuwa imeyafungua tena. Akasema kuna wataalamu wanaoshauri kuyaacha wazi, kwa kuwa nayo ni sehemu ya historia ya jengo.

Mama mkwe alisikiliza tafsiri mpaka mwisho.

"Mwambie mimi sihitaji shimo ili nikumbuke," alisema.

Nililifikisha kama lilivyokuwa. Mtaalamu akafuta kitu alichokuwa ameandika.

"Basi Mama, hayo yazibwe," akasema. "Kwa chokaa."

Alipokwenda kunawa mikono, mama mkwe aliniambia kwamba ameelewa. Nyumba imebaki, ila kuanzia leo yeye ndiye mgeni ndani yake. Nilimtazama nione kama amehuzunika. Alikuwa anautazama msumari mmoja mkubwa uliotundikiwa kikaango.

"Lakini amekataza sana, biniya," akasema. Biniya ni msichana, na ndivyo anavyoniita ingawa nina watoto wanaokwenda shule. "Mtu akikataza hivyo, mimi najua anachotaka."

Sikujua kama anatania. Bado sijui.

Mgeni alikula kidogo, akakataa zaidi, akapewa zaidi, na safari hii nadhani alianza kutuelewa. Kisha nikamsindikiza mpaka barabara kubwa ambako bodaboda husimama, tukirukaruka madimbwi. Njiani lile jambo lilikuwa linanisumbua. Mama mkwe alitaka mgeni aondoke bila kubeba aibu ya nyumba, na hiyo ni heshima. Lakini mgeni angekwenda kuandika Nairobi kwamba mjini Juba kuna fundi mwenye busara, na mwenye nyumba nyingine angemwamini. Nikamwambia kuhusu toroli. Nilimwambia pia kwamba turubai sikuliinua, asije akamhukumu mtu kwa neno langu.

Alisimama katikati ya tope. Nilifikiri amekasirika.

"Dada," alisema, "nimetafuta miaka mingi fundi asiyependa kumwaga simiti ukutani. Nimpate halafu nimwulize sababu?"

Akataka fundi huyohuyo ndiye aibandue plasta yote iliyobaki, kwa mwiko wa mti, polepole, mama mkwe akimsimamia kutoka kwenye kiti. Kwenye ripoti, alisema, ataandika tu kwamba mchanganyiko ulikuwa hafifu, maana hilo ndilo aliloliona kwa macho. La toroli hakuliona, na mimi nimekiri kwamba sikuliona vizuri. Akavaa kofia yake akapanda bodaboda. Nilirudi nikijiuliza kama nimefanya haki au nimefanya umbea. Vitu hivyo viwili, nikisimama mahali fulani, hufanana sana.

Jua lilipokaribia kuzama fundi alirudi na toroli lake na turubai lake. Simiti ilikuwa imeamka. Mifuko haikuwa ya rangi ile aliyoleta mume wangu, lakini ilikuwa mifuko, na sikuuliza. Juu ya mifuko palikuwa na samaki mkubwa kutoka Konyo Konyo, amefungwa kwenye nailoni, ambaye fundi alisema amemletea Haboba kwa furaha tu ya siku ya leo. Haboba alimpokea kwa mikono miwili, akainua shavu la samaki kuona wekundu wake, akasema ni mzuri. Akamwambia fundi akae, hawezi kwenda na njaa. Fundi akasema ameshiba kabisa, maji tu yanamtosha.

Shemeji naye alibaki, jambo ambalo hafanyi mara kwa mara, ameegemeza mgongo kwenye ukuta ule wa mbele, na alipoinuka shati lake jeusi lilikuwa na chokaa nyeupe kutoka bega mpaka kiunoni. Hakuna aliyemwambia.

Tulikula yule samaki, amekaangwa kisha akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya, kwa asida ya mtama, na kombo, yaani mchuzi wa mchicha na karanga, iliyobaki mchana. Asida niliisonga kwa mwiko uleule, baada ya kuuosha mara mbili. Kichwa cha samaki alipewa fundi.